Vifungo vya Shati la Rubani

Bwana Karanja alizikwa Mugutha mwezi uliopita, na picha yake kwenye kijitabu cha mazishi ilikuwa imegeuzwa. Nilikuwa chini ya hema la pili, nyuma ya kwaya ya kina mama, nikaitazama wakati mchungaji akisoma. Shati la mwanamume lina vifungo upande wa kulia wa mvaaji na matundu upande wa kushoto. La mwanamke ni kinyume. Mwanamume akionekana pichani amefunga kama mwanamke, basi ama ameazima blauzi, ama picha imegeuzwa kushoto kwa kulia kama sura kwenye kioo. Nadhani mjukuu alimpiga kwa kamera ya mbele ya simu, na katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyeona kasoro. Mtu aliyenifundisha kuona kasoro kama hiyo alikuwa ndani ya jeneza. Nilikitia kijitabu mkobani, nikaifuata kwaya kaburini. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka niliofanya kazi kwake Thika, hasa ile picha ya rubani ambayo ilitufanya mimi na yeye tuache kula pamoja.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shule yangu iliishia kidato cha nne; mengine yote nimejisomea, katika vitabu vya mitumba na magazeti yaliyofungiwa nyama. Nilikuja Thika kutafuta kazi kiwandani, sikuipata, nikaingia kwa Karanja kuuliza bei ya picha ya kitambulisho, nikatoka nikiwa nimeajiriwa kufagia. Studio ilikuwa nyuma ya duka la viatu. Chumba cha mbele kilikuwa na ukuta uliochorwa ndege ya abiria, na mbele yake ngazi ya kweli ya mbao yenye vidato vitatu. Jumapili, baada ya kanisa, wafanyakazi wa viwandani walikuja na suti za kuazima, wakapanda ngazi hiyo, wakageuka na kupunga mkono kana kwamba wanaondoka nchini. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu na dawa zilizonuka siki. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na mbao nyembamba tu, kwa hiyo nilipokuwa nikisafisha filamu nilisikia kila lililosemwa mbele, likiwemo lile lililosemwa kwa Kikuyu, ambacho nilikielewa kuliko walivyodhani. Saa saba mke wa Karanja alituletea githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, katika sufuria iliyofungwa kwa taulo. Karanja aliponda parachichi juu yake na kunisukumia sahani.

“Kula, mtu wa Bungoma. Hii ndiyo chakula. Hiyo ugali yenu ni ya kubandika mabango.”

“Na githeri yenu, mzee, ni ya kuku. Tena kuku awe na meno.”

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba, mwenye koti la kijivu la kazi ambalo halikuwahi kukosa kalamu. Kazi yake ilikuwa safi kupita kiasi. Picha iliyopinda kidogo aliitupa, hata kama mteja ameshaisifu.

Sanduku la bati lililojaa picha lililetwa mwezi wa nane na mwanamke Mzungu aliyezaliwa katika shamba la kahawa upande wa Ruiru. Nitamwita Helen. Baba yake, ambaye wafanyakazi walimwita Kanyoni, yaani ndege mdogo, alikuwa rubani wa ndege za kivita katika vita vya Wajerumani. Baadaye akaja huku kulima kahawa, na Hali ya Hatari ilipotangazwa dhidi ya wapigania uhuru akarudi hewani, safari hii juu ya msitu wa Nyandarua. Sasa alikuwa amekufa. Shamba lilikuwa linauzwa na binti yake alikuwa anaondoka. Alitaka tunakili picha zote, seti moja yake na nyingine ya jumba la makumbusho huko kwao.

“Hii wazungu mimi najua jina yao yote,” alisema, kwa Kiswahili chake cha shamba. “Hii watu ingine hapana jua. Baba hapana andika kitu. Mimi taka kila mtu enda na jina yake. Hapana mzuri mtu kwenda bila jina.”

Karanja alikubali. Aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuletewa jambo la heshima kama lile.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma picha. Tuliweka kila moja chini ya kioo, taa mbili ubavuni, kamera ikitazama chini. Kabla ya kupiga, Karanja aliniuliza maswali. Jua liko wapi? Kwa hiyo ni asubuhi au jioni? Aliyesimama pembeni amesimama kwa hiari au amewekwa? Picha zilizopigwa kutoka angani zilinishinda kwanza: mabonde niliyaona milima na milima nikaiona mashimo. Akaniambia niizungushe karatasi hadi vivuli vianguke kuja kwangu. Niliizungusha, na ardhi ikajipindua mbele ya macho yangu ikakaa sawa. Mto ukaingia bondeni. Katika picha moja kulikuwa na nyumba za nyasi zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka mno, na mstari mweusi ukizizunguka zote. “Handaki,” alisema Karanja. “Ndani yake miti iliyochongwa. Tulihamishiwa vijiji kama hivi. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani handaki ni la kuzuia fisi.” Nyingine ilionyesha msitu tu, mzito kama sukuma wiki shambani, na katikati yake vidoa vyeupe vinne vilivyofuatana. Sikuhitaji kuelezwa kwamba ni mabomu.

Za vita vya Ulaya zilikuwa nyepesi zaidi. Kijana mwenye nywele zilizovurugwa na upepo ameegemea pangaboi la ndege, na chini ya kidirisha chake imechorwa misalaba midogo. Niliuliza kama ilikuwa ya kanisa.

“Ni hesabu,” Karanja alisema. “Kila msalaba ni ndege ya Mjerumani aliyoiangusha.”

Nikaichukua ile ya Nyandarua, rubani yuleyule akiwa amenenepa, nikatafuta chini ya kidirisha. “Hii haina misalaba.”

“Walio msituni walikuwa na ndege?”

Tulitoa tangazo makanisani Ruiru kwamba aliyewahi kufanya kazi kwa Kanyoni aje Jumamosi, kuna chai na mkate. Walikuja. Kupitia mbao nilisikia wazee wakicheka kama vijana: huyu ni mpishi fulani, huyu aliiba jogoo wa Mzungu akala na manyoya, huyu alikuwa ananidanganya ati ataniposa, tazama meno yake. Majina yakapatikana moja baada ya lingine. Jumamosi ya tatu akaja Cucu Wambui wa Gitothua, mama wa miaka sitini na kidogo mwenye kitambaa cheupe kichwani na mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Alikuja na mwanawe, Kamau, fundi wa baiskeli karibu na stesheni ya Ruiru. Wengine wote walimwita cucu, nyanya, nami nikamwita hivyo.

“Sikuja kutaja watu,” alimwambia Karanja. “Nimekuja kutafuta mmoja.”

Mume wake, Mwangi, alikuwa dereva wa trekta wa Kanyoni. Aliondoka na ndugu mdogo wa Cucu, Njoroge, wakaingia msituni kupigana, mkewe akiwa na mimba ya Kamau. Ndege zilianza kumwaga mabomu baada ya hapo. Hakuna aliyerudi katika kundi lao, na Gitothua nzima ilijua kwamba Mwangi na Njoroge walikufa kwa bomu. Kila Siku ya Kenyatta, mwezi wa kumi, Cucu alikalishwa mstari wa mbele pamoja na wajane wa mashujaa, akapewa soda ya kwanza. Lakini hakuwa na picha hata moja ya mumewe. Nyumba ilichomwa na kila kilichokuwamo.

“Kamau hajawahi kuuona uso wa baba yake,” alisema. “Hata mimi umeanza kunitoroka. Nikifumba macho naona kofia.”

“Nikimuuliza baba alikaa vipi,” Kamau aliingilia, “mama ananiletea kioo.” Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka, kwa hiyo akaongeza: “Na sasa bibi yangu ni mjamzito tena. Nina wasichana wanne. Wa kwanza amechukua jina la mama huyu, wa pili la mama mkwe, shangazi nao wamepata. Mzee Mwangi peke yake bado yuko kwa laini, anangoja. Safari hii nimemwambia bibi, tafadhali, mfungulie mzee mlango.”

Kwa asiyejua desturi yao: kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake. Hakuna anayechagua. Na si jina tu. Husemwa kwamba aliyetangulia ndiye amerudi, na bibi mzee atamwita mjukuu mchanga “mume wangu” mbele ya watu wote, na watu wataona ni sawa.

Karanja aliuliza Mwangi alikuwa na alama gani. Cucu akasema alikuwa mrefu, na sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka ncha, kwa sababu lilitogwa utotoni na baadaye likararuliwa na waya wa seng'enge.

Picha yenye sikio hilo niliipata mimi, Jumatano, karibu na chini ya sanduku. Ndege imetua juu ya majani mafupi, nyuma yake mgongo wa Nyandarua. Ramani imetandazwa juu ya bawa. Kanyoni, katika shati la kaki, ameinama akitazama ramani na anatabasamu. Kando yake amesimama Mwafrika mrefu mwenye koti kubwa la jeshi na kofia pana iliyoutia uso kivuli mpaka puani. Kidole chake kiko juu ya ramani. Ameonyesha ubavu, sikio moja tu linaonekana, la kushoto, na ncha yake imegawanyika. Nilimpelekea Karanja. Alichukua lenzi, akainama juu ya meza kwa muda mrefu sana.

“Hii niachie,” alisema. “Nitaichapa mwenyewe.”

Alijifungia chumba cha giza kwa komeo. Nilikuwa nimechapa kila picha ya sanduku lile kabla ya hapo, na nilidhani amenivunjia heshima.

Jumamosi Cucu aliipeleka picha mlangoni penye mwanga, akaigeuzia jicho lake zima. Kamau alisimama nyuma yake bila kuangalia, kofia mkononi. “Urefu ni wake,” Cucu alisema polepole. “Na kusimama ni kwake. Alikuwa anasimama kama mguu mmoja unaungoja mwingine.” Kisha akapeleka kidole kwenye sikio la yule mtu, halafu akagusa sikio lake mwenyewe la kulia, akafikiri, akagusa la kushoto.

“Hili ni la kulia. La Mwangi lilikuwa la kushoto. Nililiosha mimi lilipopasuka, nikiwa nimekaa upande huu wake.” Akamrudishia Karanja picha kama anayerudisha mtoto wa jirani. “Si yeye.”

“Ngai, asante,” alisema Kamau. “Huyo anayechonga mdomo na Mzungu ni msaliti wa watu wengine. Chai iko?”

Chai ilikuwapo, nami nikadhani Jumatano nilikosea kulisoma sikio. Kamau alikunywa vikombe viwili na kusimulia hadithi za wateja wanaotaka kuziba pancha kwa sala. Cucu hakugusa chake. Alikuwa ameepuka aibu, lakini uso aliokuja kuutafuta hakuupata, na nilimwona akijaribu kuamua lipi ni kubwa.

Jumatatu nilikuwa nikiipanga ile nakala pamoja na nyingine. Nikaona shati la rubani. Katika picha nyingine zote za mashati yale ya kaki alifunga kama wanaume wote. Hapa alikuwa amefunga kama mke wake. Nikatazama saa: ilikuwa mkono wa kulia. Nikatazama beji ya mabawa kifuani: ilikuwa upande usio wake. Nikatafuta herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, ambazo zingefichua kila kitu mara moja kwa kusomeka kinyumenyume. Zilikuwa zimekatwa nje ya ukingo, kwa uangalifu mkubwa, na mtu ambaye hakuwahi kukata picha ya mteja bila kuombwa. Niliitoa ile ya asili, nikaziweka bega kwa bega.

Saa saba githeri ililetwa. Karanja aliponisukumia sahani, niliweka picha zote mbili kando yake.

“Rubani amevaa blauzi,” nilisema.

Aliendelea kuponda parachichi. Halafu akaweka kijiko chini.

“Umemwambia nani?”

“Hakuna.”

“Basi acha ikae hivyo.” Alifunga mlango wa duka, jambo ambalo hakulifanya mchana. “Sikiza, Nekesa. Wewe umetoka mbali, haya hayakukukuta. Baba yangu alikuwa homugadi. Alishika bunduki ya serikali akalinda lile handaki ulilolisoma, akielekeza bunduki ndani. Uhuru ulipokuja alikuwa amekufa tayari. Kwa hiyo wakabaki na mimi. Shuleni nilikula peke yangu mpaka darasa la saba. Msichana niliyempenda, baba yake aliniambia, nyumba yangu haitazaa homugadi. Mimi! Niliyekuwa nikidhani handaki ni la fisi. Unataka Kamau aanze kula peke yake akiwa na miaka thelathini na saba?”

“Lakini mama alikuja kutafuta uso.”

“Amerudi na shujaa.”

“Amerudi mikono mitupu, mzee. Nilimwona.”

“Kugeuza filamu kulinichukua dakika moja,” alisema. “Hakuna picha niliyowahi kuichapa vizuri zaidi ya hiyo.”

Nilimuuliza kuhusu Helen na seti ya makumbusho. Akasema huko Ulaya hakuna anayelijua sikio la Mwangi, na picha hiyo itaenda bila jina. Nadhani hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Cucu alikuwa ametumwa nyumbani bila mtu wake, na mtu wake alikuwa anakaribia kutumwa ng'ambo bila jina, na mambo yote mawili yalikuwa juu ya meza yetu, kando ya chakula. Leo ninaweza kutetea kila upande wa mabishano yale kwa dakika kumi bila kusita. Wakati ule nilikuwa na upande mmoja. Sikumaliza githeri, na tangu siku hiyo kila mmoja wetu alikula kwa wakati wake.

Nilichapa nakala ya upande wa kweli, nzima, pamoja na herufi za ndege. Siku yangu ya mapumziko nilishuka Ruiru, nikatembea hadi Gitothua. Nyumba ya Cucu ilikuwa ya mbao, chumba cha mbele kikiwa na viti vinne vyenye vitambaa vya kufumwa. Ukutani walikuwa wajukuu zake wanne, wamepangwa kwenye ngazi ya mbao mbele ya ndege iliyochorwa. Picha ya studio yetu. Mke wa Kamau, tumbo likiwa limeshuka, alikuwa akimenya nduma, yaani magimbi. Cucu alinitengea sahani na chai, akasubiri nile. Kwake mgeni hakuulizwa habari kabla ya kula. Nilikula nduma tatu bila kuonja chochote. Kisha nikamweleza kuhusu vifungo, saa na beji, taratibu, kama nilivyoelezwa mimi. Nilipomaliza nikampa picha.

Hakuniuliza kama nina hakika. Aliitazama kwa utulivu, kidole gumba kikipita kando ya uso uliofichwa na kofia.

“Mikono yake imefungwa?”

“Hapana, Cucu.”

“Kuna askari nyuma yake?”

“Kuna kivuli cha mtu anayepiga picha. Kivuli kingine hakuna.”

“Bunduki?”

“Siioni. Lakini picha haionyeshi kilicho nje ya ukingo.”

“Usinihurumie. Sema unachokiona.”

“Ninaona mtu anayeonyesha mahali.”

Alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama anayesikiliza bei ya kitu. “Kwa hiyo ndege zilijua pa kwenda,” alisema. Halafu: “Njoroge alikuwa hapo. Alipoonyesha kwa kidole, ndugu yangu alikuwa hapo.”

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba aliyekamatwa msituni na silaha alinyongwa, na kwamba baadhi yao waliwekewa kamba upande mmoja na koti la jeshi upande mwingine, wakaambiwa wachague. Ningelijua hilo siku ile ningelisema. Huenda lingemsaidia, huenda asingelijali. Picha ile haina asubuhi iliyotangulia, wala haina mchana uliofuata. Hadi leo sijui Mwangi alikufa lini, wala kwa mkono wa nani.

Kamau alirudi kutoka kazini mikono ikiwa na grisi, akanikuta bado nimekaa. Mama yake alimwambia kwa maneno machache na kumnyooshea picha. Hakuishika. Aliitazama ikiwa mkononi mwa mama, shingo mbele, mikono nyuma.

“Huyo ndiye?” aliuliza. “Hata uso hauonekani.” Kisha akanigeukia. “Nani alikutuma? Si mlituonyesha kwamba si yeye? Si nilikunywa chai yenu? Mnatoka kwenu huko mbali mnakuja kutuchimbulia makaburi, halafu mnapewa nduma!”

“Kamau,” mama yake alisema.

“Wacha niseme. Bibi yangu anazaa mwezi huu. Akizaa mvulana nimwite nani? Nisimame kanisani nimwite huyu?” Alielekeza kidole kwenye picha, akakiona kidole chake, akakirudisha haraka. “Toka, madam. Tafadhali. Kabla sijakosa heshima.”

Nilitoka. Nilimweleza Karanja asubuhi iliyofuata. Hakunifukuza, hakupaza sauti. Alisema tu, “Sasa umejua kusoma picha,” akaendelea kufuta lenzi.

Siku ya Kenyatta ilifika. Karanja alikuwa uwanjani Ruiru akipiga picha za wageni, na alirudi akanipa habari bila kunitazama: Cucu Wambui alikuja, wakamwita mstari wa mbele kama kila mwaka, akakataa, akasema miguu inamuuma na atakaa hapo nyuma penye kivuli. Soda ilipelekwa kule. Aliipitisha kwa mwingine. Hakumweleza mtu yeyote sababu.

Wiki iliyofuata mke wa Kamau alijifungua mvulana, na siku chache baadaye mtoto wa jirani yao akaja studio na ujumbe kwamba Cucu anataka yule msichana wa Bungoma aje na kamera. Karanja alinitilia filamu kwenye kamera mwenyewe.

Chumba kilijaa wanawake. Walikuwa wameleta uji kwa mitungi ya plastiki, njahi, maharagwe meusi ya mzazi, ndizi, kuni. Mama mkwe wa Kamau alikuwa amekaa karibu na kitanda. Kamau alisimama mlangoni, hakunisalimu. Shangazi mmoja mnene, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, alimwinua mtoto na kuuliza kwa mzaha, kwa maana jibu lilijulikana hata na watoto: “Haya, na huyu mgeni tumwite nani?”

“Gitau,” alisema Kamau.

Hilo lilikuwa jina la baba mkwe wake. Vicheko vilikatika. Mama mkwe alishusha kikombe. “Wee, Kamau,” alisema, “usituletee aibu. Gitau atangoja wa pili. Huwezi kumruka mzee aliyekufa msituni.”

“Nimesema Gitau. Mtoto ni wangu.”

Shangazi alisimama na mtoto mikononi, asijue amweke wapi. Katika chumba kile watu wanne tu tulijua kilichokuwa kinazungumzwa: Kamau, mke wake, mama yake na mimi. Cucu aliinuka kitini. Alimchukua mtoto kutoka kwa shangazi, akamfunua uso.

“Huyu ni Mwangi,” alisema.

“Mama, unajua vizuri—”

“Najua kuliko wewe. Wewe hujaishi naye.” Hakupaza sauti. “Alienda bila kuniaga. Amekaa huko miaka hii yote, kila mtu akimsemea, yeye mwenyewe hajanijibu neno. Mwacheni arudi. Nina maswali naye.”

Wanawake waliangua kicheko, wakadhani ni utani wa mjane kwa mumewe, kisha wakapiga vigelegele vitano vya mvulana, hata vumbi la dari likashuka. Mke wa Kamau aligeuza uso ukutani. Kamau alibaki mlangoni hadi kelele zikaisha. Shangazi alimwambia, haya baba mtoto, mwite nasi tusikie. Aliangalia nje. Ndipo akalisema, chini chini, kama mtu anayemwita mwingine aliye ndani ya nyumba yenye giza: “Mwangi.”

“Piga,” Cucu aliniambia.

Nilipiga. Mtoto alikuwa macho. Cucu hakuitazama kamera; alikuwa amemwinamia karibu sana, kama mtu ambaye ameshauliza na sasa anangoja jibu.